Risasi Katika Damu ya Mwanangu

Mimi ni mtu wa shaka, na sioni haya kusema. Maziwa nayanusa mbele ya muuzaji. Sufuria ya kuazima naigeuza nione kitako chake. Chai ya jirani siinywi mpaka nione aliyeipika ameionja. Mume wangu, dereva wa lori ambaye siku nyingi yuko njiani, hunitania kwamba iko siku nitakiomba kivuli changu kitambulisho. Nami humjibu, na kiwe nacho tayari. Nilizaliwa mjini kati, ghorofani juu ya maduka, hatua chache kutoka msikitini, kwa watu wa pwani waliopanda Nairobi kuuza vitambaa. Mtoto wa pale akiamini kila aambiwalo, atauziwa hata viatu alivyovaa.

Ninayoyaandika hapa si ya kujisifu. Ni habari ya risasi, si ile ya bunduki, bali metali yenyewe, na jinsi ilivyoingia katika damu ya mwanangu. Ni habari pia ya mtu niliyemtwika kosa hilo.

Tulihamia mtaa wa Kabiria mwanangu akiwa mchanga bado. Ploti yetu ilikuwa kama ploti zote: geti la chuma, vyumba vinatazamana pande mbili, bomba moja katikati, kamba za nguo juu. Majirani karibu wote walikuwa watu wa magharibi ya nchi, watu wa kanisa, wa kusalimiana kwa sauti ya kufika barabarani. Mwenye buibui nilikuwa peke yangu, wakaniita Mama Swahili, nikaitika. Nilishona nyumbani, mtoto akitambaa miguuni pangu, na kila Ijumaa nilishuka mjini kupeleka nguo dukani na kumwona mama yangu.

Fundi wa betri alikuja baadaye na mkewe na watoto watatu: wavulana wawili, na binti wa rika la mwanangu. Mwenye ploti alimruhusu ajenge kibanda kando ya geti, akawa anachaji betri za magari na zile za sola. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyounguaungua kwa asidi. Akifanya kazi aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Sikumpenda. Mtu anayeimba mchana kutwa na hana kitu, anaimba nini?

Mkewe ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Siku ya kwanza tu alimwona mwanangu mlangoni, akapiga makofi, "Ai! Huyu mtoto ni mrembo! Angalia mashavu! Amenona kama wa tajiri!" Akasema yote hayo, na mashaallah hakusema. Kwao hakuna neno hilo, najua sasa, na hata siku ile nilijua. Lakini kujua ni kingine na moyo ni kingine. Kwetu mtu akimsifu mtoto bila kumtaja Mungu ameshamtupia jicho, awe amekusudia au hakukusudia. Mwanamke yule alimsifu mwanangu kila asubuhi. Kila akimsifu, nami naingia ndani naleta wanja.

Wanja huo ulitoka kwa mama yangu. Shangazi yetu mmoja alirudi Hija na jiwe la wanja, mama akawa analitwanga kidogo kidogo katika kinu cha shaba, analichekecha kwa kitambaa cha melimeli, anautia unga katika kifuko cha hariri. Sisi sote tulipakwa tangu kitovu hakijaanguka, machoni, kwenye nyusi, na tone moja kubwa katikati ya paji la uso ili mwenye jicho baya aangukie pale asimfikie mtoto. Mwanangu alipendeza mno na wanja wake. Aliyasugua macho kwa ngumi, akavitia vidole mdomoni, akacheka na mashavu meusi. Nilimfuta, nikampaka tena.

Akawa na mwaka mmoja, akawa na miwili. Alikuwa na maneno yake: maji, paka, bibi, toka. Neno la toka alilipenda sana, ameiga kwangu. Kisha ikaja hali ambayo sikuielewa. Tumbo lilimsokota akajikunja kama jani, choo kikawa taabu. Chakula akakisukuma. Mashavu yale yaliyosifiwa yakapauka. Siku moja paka alipita mlangoni, mwanangu akamwangalia, asiseme kitu. Nikamwambia, "Nani yule?" Akaniangalia mimi. Neno lilikuwa limetoka kichwani mwake.

"Ni jicho," alisema mama yangu kwenye simu. "Nilikwambia. Kikulacho ki nguoni mwako. Mpake sana."

Nikampaka sana. Lakini pia nilimpeleka kwa daktari, maana nimesema mimi ni mtu wa shaka, na hata mama yangu simwachii yeye peke yake. Kliniki ilikuwa Hurlingham, ghorofa ya pili, daktari mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Alimpima damu, akaona ni pungufu. Akampa dawa za kuongeza damu, haikuongezeka. Akapima minyoo, hakuna. Mara ya tatu akamwangalia mtoto akila kona ya pazia, akasema anataka kupeleka sampuli kwenye maabara kubwa.

Majibu yalipokuja alifunga mlango kwanza. "Mama, mtoto ana risasi katika damu. Nyingi. Ikiendelea kupanda itamharibu ubongo, na ubongo ukiharibika hivyo haurudi wote. Lazima tujue inatoka wapi."

"Risasi gani? Sisi hatuna bunduki."

Hakucheka, na namshukuru mpaka leo. Alivuta kiti akanieleza kama mwalimu. Risasi ni metali, alisema, elementi kamili: ukiigawa mpaka chembe ya mwisho, chembe hiyo bado ni risasi, hakuna kilichochanganywa ndani. Inachimbwa ardhini, ila aghalabu haikai peke yake. Inakaa ndani ya jiwe, imeshikana na salfa, jiwe la kijivu linalometameta. Wakilichoma jiwe hilo, salfa inapaa na moshi, risasi inabaki. Ni laini, unaikwaruza kwa ukucha. Ni nzito kupita inavyoonekana. Haishiki kutu kama chuma, inayeyuka upesi, ndiyo maana watu wameipenda tangu zamani, wakaifanyia mabomba, rangi, lehemu, vizito vya nyavu, mpaka kuta za vyumba vya eksirei. "Nje ya mwili ina kazi mia," alisema. "Ndani ya mwili haina hata moja. Mwili unaidhania ni kalsiamu, unaipokea, unaiweka akiba kwenye mifupa. Na siku hizi nyingi inaingia kwenye betri za magari."

Betri za magari. Baada ya hapo sikusikia jambo jingine. Nilikiona kibanda kile, na mikono ile, na ule wimbo.

Daktari aliendelea kuuliza, akiandika. Nyumba ina rangi ya zamani? Hapana. Tunatumia sufuria za kusubu? Moja. Bizari tunanunua wapi? Tunatumia dawa za kienyeji?

"Hatutumii."

"Vipodozi kwa mtoto? Chochote cha kupaka?"

Nilikasirika. "Daktari, mtoto wa miaka miwili na vipodozi! Unatuonaje?"

Nami sikusema uongo. Haki ya Mungu, sikuficha kitu. Kwetu wanja si dawa, dawa ni ile unayokunywa ukiwa mgonjwa. Wala si kipodozi, kipodozi ni podari na rangi ya mdomo, mambo ya wanawake wanaokwenda harusini. Wanja kwa mtoto ni kama kumfunika kichwa penye upepo. Mtu akikuuliza unampa mtoto dawa gani, utamwambia kofia?

Nilirudi Kabiria nikiwa moto. Kwanza niliitupa sufuria ya kusubu, halafu bizari yote, halafu nikamfuata fundi kibandani. Alikuwa amechuchumaa juu ya jiko, na juu ya jiko mkebe mweusi unafuka moshi.

"Unayeyusha nini?"

Akainua kichwa. "Lami, Mama Swahili. Ile paa ya nyuma inavuja, mwenye ploti ameniambia nizibe."

"Lami. Na risasi unayeyushia wapi?"

"Risasi?" Akasimama. "Mimi siyeyushi hiyo kitu. Betri sifungui hata moja. Ikikufa nauza mzima mzima kwa mtu wa Kangemi. Kufungua ni kazi ya wale wamechoka na maisha."

Akanielekeza pembeni, betri zilizokufa zimepangwa, vifuniko vimefungwa. Niliziangalia nikajisemea, bila shaka zimefungwa, umeniona nikija. Wanawe wawili walikuwa wamezikalia zile betri wanacheza mchezo wa vizibo. Walishinda hapo kutwa, wenye afya, wenye kelele, na hilo nililiona kwa macho yangu mawili na halikuniambia kitu. Shaka ikishamkalia mtu haioni ila inachokitafuta. Nilipokuwa chuoni nikisoma Kurani, maalimu alitukaririsha kwamba dhana mbaya ni dhambi. Nilikuwa wa kwanza darasani kulikariri.

Nikaenda mlango kwa mlango. Niliwaonyesha mama wote wa ploti karatasi ya maabara, nikawaambia sumu iko getini na watoto wao wanapita hapo kila siku. Mama akisikia neno sumu hangoji maelezo. Kufikia kesho yake wote walikuwa wamemkalia kichwani mwenye ploti, na fundi akaambiwa aondoe kibanda chake na yeye mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alikuja tu mlangoni kwangu, jioni, kofia mkononi. Nilikuwa kwenye cherehani, mwanangu amelala kitandani nyuma yangu. Alikuwa na bahasha.

"Mama Swahili, nimepeleka wangu wote watatu wapimwe. Maabara ile ile. Soma kwanza, halafu tuongee kidogo."

"Tuongee nini? Karatasi hata mimi naweza kuandika. Nimekulia mjini, najua zinakotengenezwa."

"Si hivyo, mama. Ni vile kuna kitu hapo sielewi. Soma tu."

"Fundi, mwanangu alikuwa anaongea. Sasa haongei. Unataka nisome nini?"

Aliinamisha kichwa. Akaiweka bahasha juu ya meza ya cherehani, polepole, kando ya mkasi, akaondoka. Mimi si mtu wa kutupa karatasi, hata za uongo, maana hujui lini utahitaji ushahidi. Niliitia kwenye droo chini ya rili za uzi. Kesho yake walipakia vitu vyao kwenye mkokoteni. Mkewe hakuniangalia. Binti yao aliniita, "Mama Swahili, kwaheri!" na mimi nikajifanya sindano imekatika.

Nilijiambia asiye na hatia angepigana. Yule aliyenyamaza ana lake moyoni.

Baada ya hapo nilisugua pale palipokuwa na kibanda kwa sabuni na maji ya moto, nikamwaga mchanga mpya. Ndani nilisugua kuta. Mwanangu simtoi nje. Na kwa kuwa mwanamke yule alikuwa ameondoka na chuki, na chuki ni mbaya kuliko hata sifa, nikazidisha wanja, asubuhi na jioni.

Daktari alipopima tena, alirudia kuisoma karatasi mara mbili kabla hajanipa. Risasi ilikuwa imepanda.

"Haiwezekani," nikasema. "Ameondoka."

"Nani?"

Nikamweleza. Aliweka kalamu chini. "Mama, kama imepanda baada ya yeye kuondoka, basi si yeye. Kiko ndani ya nyumba yako. Kitu mtoto anakigusa kila siku. Na ikipanda tena tutamlaza."

Sina maneno ya siku zilizofuata. Nilikaa katikati ya chumba nikiviangalia vitu vyangu mwenyewe kimoja kimoja, kama askari kanzu. Vijiko. Kitanda. Mdoli wa plastiki. Vifungo vya nguo nilizoshona. Nilimshuku mpaka mume wangu, nikamuuliza kwa simu amebeba mzigo gani kwenye lori, akanijibu ni saruji, halafu akasema taratibu, "Hata mimi? Ni sawa. Tafuta. Wewe tafuta tu." Nilishuku maziwa yangu niliyomnyonyesha. Hofu ile simtakii hata adui.

Ijumaa nikaenda mjini kama kawaida. Mama alikuwa amemaliza sala, amekaa mkekani na kinu chake, mwanangu amelala mapajani mwake. Wanja wa kifukoni ulikuwa umekwisha, nilivyokuwa nikiumaliza. Akaniambia, bila kuinua macho, "Nipe hilo jiwe hapo dirishani."

Lilikuwa dogo, kadiri ya kokwa ya tende. Nililichukua kwa vidole viwili nikijua litakuwa jepesi, na mkono wangu ukashuka. Sijui kulieleza vingine. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeshika unga tu, jiwe lenyewe sikuwahi kulishika. Nililileta karibu na mwanga wa dirisha. La kijivu. Mahali lilipomeguka linang'aa. Nikalikwaruza, likaniachia weusi ukuchani.

"Nini?" mama akauliza.

"Hakuna."

Nikampa lile, na kipande kilichomeguka nikakiiba. Naam, nilimwibia mama yangu mzazi, nikakifunga kwenye pindo la leso. Alipochukua kijiti akainama juu ya macho ya mtoto, nilimshika mkono. Nilimshika kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, kijiti kikaanguka.

"Leo usimpake, mama."

"Una wazimu? Mtoto mgonjwa asipakwe?"

"Leo tu."

Alinitazama. Ni yeye aliyenizaa, shaka zangu nimezirithi kwake, akajua palepale kwamba nimemshuku.

Kipande kile nilikipeleka kwa daktari, na maabara ikathibitisha. Daktari alinieleza kwamba watu wengi wanadhani jiwe la wanja ni antimoni, metali nyingine kabisa, na zamani huenda lilikuwa hivyo, lakini mengi yanayouzwa siku hizi ni lile lile alilonieleza siku ya kwanza, risasi na salfa, kama lilivyotoka ardhini, limesagwa tu. Alisema haya bila kunilaumu. "Nilikuuliza vibaya," alisema. "Ningekuuliza wanja." Nililia mbele yake, nikalia kwenye ngazi, nikalia barabarani mpaka mtu akaniuliza kama nimeibiwa.

Kumwambia mama ilikuwa shida nyingine. Alifoka kwanza. "Nimewapaka nyote watano! Mama yangu amenipaka mimi! Sasa tumekuwa wauaji?" Kisha akakitazama kinu. "Na atapona?" Nikamwambia daktari anasema risasi itashuka tukiacha, mifupa itaitoa pole pole, maneno mengi yatarudi, yote hajui. Akanipa kifuko na jiwe. Kijiti alibaki nacho, kilikuwa cha mama yake. Sikumdai.

Risasi ilianza kushuka kweli. Jumatatu moja mwanangu alinisukuma kutoka kwenye kioo, akasema, "Toka." Nilipiga vigelegele ploti nzima ikatoka nje. Na ploti nzima ilipotoka, nikawaona mama wote wale wamesimama milangoni wakinifurahia, na pale getini mchanga wangu mpya. Nikaingia ndani. Jioni ile nilivuta droo nikaitoa bahasha.

Karatasi zilikuwa tatu. Sikuhitaji daktari kunisomea, nilikuwa nimekwisha kuzizoea. Mvulana mkubwa, kawaida. Mvulana wa pili, kawaida, na hao ndio walioshinda juu ya betri. Binti, imepanda. Si kama wa kwangu, lakini imepanda.

Niliisoma ya binti mara nyingi, nikaketi chini sakafuni.

Kwa sababu binti yule hakucheza kibandani. Alicheza kwangu. Kila asubuhi mama yake alipoenda kufulia watu, alikuja kukaa na mwanangu mkekani, na nilipompaka mmoja, wa pili alinyoosha uso wake na kufumba macho, "Na mimi." Ningemnyimaje? Nilimpaka. Kilichomwokoa ni mama yake, aliyekuwa akimwosha uso kila akirudi, akinung'unika kwamba mtoto wake hataenda kanisani na macho ya Kiswahili. Nami nilikuwa nikimsikia akimwosha, nikaudhika, nikasema moyoni, tazama anavyotudharau.

Kumbe ndicho alichotaka nisome. Ndicho asichokielewa.

Kesho yake mlinzi wa ploti alinielekeza walikohamia. Kangemi, nyuma ya soko, chumba cha mabati kwenye kichochoro chembamba. Nilikwenda na mwanangu mgongoni. Mkewe alikuwa mlangoni anachambua majani ya sukuma, aliponiona akasimama akaingia ndani bila salamu. Nje ya mlango palikuwa na beseni la maji na kipande kikubwa cha sabuni ya mche. Hapakuwa na betri hata moja.

Alitoka fundi, amekonda. Binti akachomoka nyuma yake, "Mama Swahili!" na katika kunikimbilia akamparamia baba yake miguuni. Nilimwona akirudi nyuma upesi, mikono juu, kama mtu aliyeshika rangi mbichi.

"Ngoja nioshe kwanza," akamwambia. "Nimekwambia usinishike kabla sijaosha."

"Fundi," nikasema, "betri ziko wapi?"

"Niliacha." Alikuwa tayari ameinama kwenye beseni, anasugua mpaka viwiko. "Sasa nabeba kabichi hapo soko. Nguo za kazi nilichoma. Ile karatasi ilisema ni msichana tu, na mimi ndio nilikuwa nambeba nikitoka kazi, wale vijana wamekua, siwabebi. Nikaona basi ni hii mikono." Alisuuza sabuni, akaanza tena upya. "Nilitaka kukuambia pole, mama. Pole ya mtoto wako. Ndio maana nilikuja na bahasha. Lakini hukutaka."

Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Nilisema tu, "Si mikono yako. Ni wanja. Nilimpaka mimi, nilipokuwa nampaka wa kwangu. Jiwe lenyewe ni risasi. Mikono yako haina kitu."

Akabaki ameinama, maji yanadondoka. "Sema tena."

Nikasema tena. Ndani ya chumba nilisikia mkewe akiacha kazi yake.

Alisimama. Aliiangalia mikono yake mbele na nyuma. Kisha akamshika binti yake kwapani, mikono imejaa povu, akamwinua mpaka kifuani, akaubana uso wake shingoni mwa mtoto, na mtoto akacheka kwa sababu ya sabuni. Mimi nilisimama nao kichochoroni, mwanangu mgongoni anamwita mwenzake, na hakuna aliyenikaribisha ndani, wala sikustahili.

Alipoinua uso hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo.

"Ile karatasi," aliniuliza, "ulisoma lini?"

"Jana," nikamwambia.